Taa za Bustanini: shajara ya kufufua bustani kongwe ya mtaa, Mji Mkongwe, Unguja

Hii ni kumbukumbu ya kazi ambayo bado inaendelea. Naiandika kwa ajili ya mitaa mingine yenye bustani au uwanja wa zamani uliozimika, na khasa kwa mafundi umeme wenzangu watakaoitwa kuuwasha. Kufyeka, kuzoa kifusi na kupaka chokaa nitapita juu juu. Nitakaa kitako pale tulipokwama, maana hapo ndipo fedha zilipokwenda.

Bustani yenyewe ni ndogo. Unaivuka kabla ya kumaliza salamu. Ina miti miwili ya mkungu, mwembe, mwarobaini, birika la mawe katikati lisilo na maji, na mabaraza ya mawe ya matumbawe pande tatu. Upande wa nne ni njia ya kwenda msikitini na skuli. Jina rasmi haina. Sisi tunaiita Bustanini, basi.

Novemba 2024: kusikiliza

Mkutano wa kwanza uliitishwa kwa Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, baada ya Isha. Walikuja wanaume, na uamuzi ulipita haraka: taa kubwa sita za wati 100, nguzo ndefu, nyeupe, ziwake usiku kucha. Nikachora ramani, nguzo kubwa kuliko zote ikakaa katikati karibu na birika.

Kabla ya kununua chochote, Sheha akasema wanawake hawajasemwa nao. Wao wasingekuja kukaa kwenye mkutano wa usiku, kwa hiyo tukawafuata laasiri, uani kwa bi mkubwa mmoja ambaye nyumba yake inapakana na bustani. Pale ramani yangu ilikufa. Bi mkubwa aliitazama akasema: "Mwanangu, mimi nataka kumwona anayekuja. Sitaki yeye anione mimi nimekaa." Wengine wakaitikia. Walikuwa hawaogopi kiza cha bustani nzima. Walikuwa wanaogopa kona ya nyuma ya birika, pale njia inapopinda na mtu anaweza kusimama asionekane.

Tukaulizana na wengine mmoja mmoja. Muuza kahawa hakutaka taa juu ya kichwa chake kabisa, kwa sababu wadudu huangukia vikombeni. Vijana wa mchezo wa keram walitaka taa moja nzuri juu ya ubao wao, kwengine shauri yenu. Muadhini alitaka njia iwake kabla ya Alfajiri, saa ambayo hakuna mtu aliyeitaja kwenye mkutano wa kwanza. Mwenye nyumba ya wageni alitaka ukuta wake umulikwe wote, kwa ajili ya picha. Na mama mmoja wa ghorofa ya pili akasema jambo moja tu: dirisha lake la kulalia linatazama bustani.

Njia iliyotusaidia kuliko maneno ilikuwa chaki. Tuliwapa wanawake na wasichana wa skuli vipande vya chaki wapite bustanini usiku kwa vikundi, na kila mahali wanapojikuta wameongeza mwendo wachore alama chini. Asubuhi yake alama zilijazana sehemu tatu: kwenye kona ya birika, kwenye ngazi mbili za kuingilia upande wa skuli, na chini ya mwarobaini ambapo ukuta unakatika. Katikati, nilipokuwa nimeweka nguzo kubwa, hapakuwa na alama hata moja.

Gharama ya hatua hii: chaki, vitumbua na chai. Kama unaiga kazi hii na unataka kubana matumizi, usibane hapa.

Kila mkutano Forodhani, bustani kubwa ya pwani ya Mji Mkongwe, ilitajwa, kwa hiyo niiweke hapa. Bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultan Khalifa bin Harub, ikachakaa, kisha Aga Khan Trust for Culture ikaifanyia ukarabati mkubwa kuanzia Januari 2008 hadi ilipofunguliwa tena Julai 2009: ukuta wa bahari, njia, nyasi, taa mpya, na sehemu iliyopangwa ya wauza chakula. Vijana walitaka "kama Forodhani". Lakini Forodhani ni ya umati. Pale watu huenda kuonana na kuonekana, na mwenye mishkaki anahitaji mwanga wa biashara. Bustanini watu huja kupumua nje ya nyumba zenye joto. Kuiga taa za pale ingekuwa kuhamishia soko kwenye uwa wa mtu.

Desemba 2024: kujaribu kabla ya kununua

Tulisimamisha mianzi kwenye ndoo za mchanga, tukafunga balbu za kuazima, tukawa tunabadilisha kila siku chache. Watu wakapita, wakasema. Hii ni hatua ya kuigwa bila kufikiri mara mbili.

Rangi ya mwanga kwanza. Kwenye boksi la balbu tafuta namba ya kelvini. Zinazouzwa sana sokoni Darajani ni za 6500, nyeupe yenye ubuluu. Chini ya hizo ukuta wa chokaa ulikuwa kijivu, sura za watu zikawa za wagonjwa, na wadudu walijaa hadi muuza kahawa akahama mwenyewe. Mwanga wa ubuluu huwaita wadudu kuliko wa njano. Tulipoweka za 2700, zenye unjano, chokaa ikapata rangi ya samli na watu wakaanza kukaa muda mrefu bila kuambiwa. Za 4000 ziligawa watu. Tulichukua 2700 kwa mabaraza na 3000 kwa njia.

Urefu ndio uliotusumbua. Balbu kali kwenye mwanzi mrefu ilionekana kama jibu hadi ulipotembea kuielekea. Jicho hujirekebisha kufuata kitu king'avu kuliko vyote mbele yake. Ukiweka taa kali inayoonekana uchi, jicho linajifunga kwa ajili ya taa, na kila kilicho nyuma yake kinazidi kuwa cheusi. Kona ya birika ilikuwa mbaya zaidi tukiwa na balbu ya wati nyingi kuliko bila taa. Tuliposhusha taa ndogo ya wati 3 chini ya usawa wa goti, ikimulika ardhi na ukuta wa kona, huku balbu yenyewe haionekani, mtu aliyesimama pale alionekana umbo lote kutoka mbali. Wati 3. Wanakamati wengine hawakuamini hadi walipokwenda kusimama wenyewe.

Tukapata na kanuni ya bi mkubwa kwa vitendo: mulika njia na ukuta ulio nyuma ya njia, acha baraza kwenye kiza chepesi. Aliyekaa anamwona anayekuja. Anayekuja anajua kuna watu pale, lakini hawasomi nyuso.

Mwembe tumeuacha bila taa, na mikungu hatumuliki kutoka chini ijapokuwa inapendeza kwenye picha. Popo huja kula kungu usiku, na kunguru hulala juu yake. Usiku mmoja wa kujaribu kumulika majani, kunguru hawakulala na mtaa mzima haukulala.

Januari 2025: kibali, chokaa, na zawadi

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi kama hii inapita kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Peleka michoro mapema, pamoja na picha za majaribio ya usiku. Picha zilieleza kuliko barua yetu.

Shauri tulilojiwekea: hakuna kutoboa jiwe. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 2020, hapa mjini hakuna anayechukulia ukuta wa zamani kuwa kitu cha kupigia misumari tu. Panapohitaji kushika waya tunaingia kwenye kiungo cha chokaa kati ya mawe, ambacho mwashi anaweza kukijaza tena, na jiwe lenyewe haliguswi.

Mabaraza yalikuwa yameshafanyiwa ukarabati miaka iliyopita kwa saruji, nayo ndiyo iliyokuwa imeyaua. Jiwe la matumbawe hupumua. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini, kisha hutoka nje kupitia chokaa. Ukiziba kwa saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi hulila jiwe nyuma ya plasta. Mwashi alipobandua viraka, jiwe lilitoka naye kama unga. Kujaza upya kwa mawe madogo na chokaa iliyorowekwa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi, pamoja na kuimwagilia isikauke haraka, kulikula sehemu kubwa kuliko zote ya bajeti: shilingi 1,900,000. Sijutii. Taa ya chini inayopita sambamba na ukuta huonyesha kila kovu, hivyo usinunue taa kabla ya kutengeneza ukuta.

Halafu ikaja zawadi. Mfadhili mmoja alituletea taa nne za jua, zile za kipande kimoja: paneli juu, taa chini, betri ndani. Boksi limeandikwa wati 200. Kukataa zawadi mbele ya mtaa si jambo jepesi, tukasimamisha nguzo nne, saruji chini na ujira: 520,000. Habari zake ziko kwenye mwezi wa Juni.

Februari 2025: volti zinapotelea njiani

Kwa kuwa watoto wanachezea kila kitu, tuliamua mapema kwamba umeme wa volti 230 usiingie bustanini. Unaishia kwenye boksi lenye kufuli kwenye ukuta wa duka, lenye swichi inayokata umeme ukivuja, na kutoka hapo unakwenda umeme mdogo ambao hata mtoto akishika waya uliochubuka haumdhuru.

Tulianza na volti 12, kwa sababu taa za volti 12 zimejaa madukani, na waya wa milimita 1.5 za mraba. Taa za karibu na boksi ziliwaka vizuri. Za mwisho, kwenye ngazi za skuli, zilikuwa hafifu kama zimechoka. Wengine wakasema taa ni mbovu, tukabadilisha, zikafifia vilevile.

Hesabu yake hii hapa, ichukue. Mzigo wa wati 60 kwa volti 12 unavuta ampea 5. Umbali ni mita 40, lakini umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 80. Shaba ya milimita 1.5 kwa urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 0.93. Zidisha kwa ampea 5: zaidi ya volti 4.6 zinapotelea njiani, na taa ya mwisho inabakiwa na 7 na kitu.

Ukipandisha hadi volti 24, mzigo uleule unavuta ampea 2.5. Ukiweka na waya wa milimita 4, ukinzani unashuka hadi omu 0.35, na unapoteza chini ya volti 1. Taa haijui tofauti. Tulibadilisha vyote viwili. Tukagawa pia mzigo katika nyaya mbili, waya wa njia na waya wa mabaraza, na mgawanyo huu uliofanywa kwa ajili ya volti ukaja kutufaa kwa jambo jingine Ramadhani.

Waya wa kwanza, 250,000, tuliufukua. Waya mpya 780,000. Umelala kwenye paipu ngumu, chini kiasi cha nusu mita, na mdomo wa kila paipu umezibwa, kwa sababu panya wa Mji Mkongwe hawachagui.

Machi 2025: Ramadhani

Tuliwasha rasmi mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Hakuna sherehe iliyofanywa. Watu walitoka kufuturu wakakuta pamewaka.

Tatizo la kwanza lilikuwa saa. Tulikuwa tumeweka kihisi cha mwanga, kile kinachowasha giza likiingia. Kikiwa chini ya mwembe kiliona giza saa kumi na moja jioni. Tulipokihamisha kikawa kinazimwa na taa za pikipiki. Tukakitoa. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchwa kwa tofauti ya kama nusu saa tu mwaka mzima, hivyo swichi ya saa ya kawaida inatosha, unairekebisha mara chache kwa mwaka. Mbili, moja kwa kila waya: 90,000. Mafundi wanaosoma vitabu vya nchi za baridi huambiwa kihisi ni lazima. Kule jioni ya Juni na ya Desemba hazikutani; hapa zimekaa pamoja.

Kwa siku za kawaida tulikuwa tumepanga mabaraza yazimwe saa saba usiku na njia iwake mpaka asubuhi. Ramadhani ikavunja mpango: watu walikaa hadi daku, keram ikanoga baada ya Tarawehe, na watoto hawakulala. Tukaachia mabaraza yawake mpaka daku kwa mwezi huo peke yake. Bila nyaya mbili tungelazimika kuwasha au kuzima vyote.

La pili ni dirisha la mama wa ghorofa ya pili. Hakulalamika mkutanoni, alimtuma mtoto. Nilipopanda chumbani kwake kutazama, taa ya ngazi za skuli ilikuwa inamulika dari yake. Tuliikatia kofia ya bati upande mmoja na kuiinamisha. Ni dakika chache za kazi, na huwezi kujua kama inahitajika ukiwa umesimama chini. Panda kwenye vyumba vya watu, kwa ruhusa, usiku.

Mwenye nyumba ya wageni bado anataka ukuta wake. Kamati imemjibu kwamba ukuta wake unapata mwanga wa njia, na huo ndio.

Mei 2025: masika

Mvua ilifanya ukaguzi bora kuliko wa mtu yeyote.

Taa zetu zote zina alama IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. Zilijaa maji hata hivyo, baadhi yake. Sababu haikuwa mvua kupenya kwa nguvu. Taa ikiwaka hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Mvua ya ghafla ikiipoza, hewa hujikunja na taa huvuta pumzi kupitia mdomo wa waya. Kama mdomo umeelekea juu na una kidimbwi cha maji, inakunywa. Dawa: mdomo wa waya uangalie chini, waya ushuke kidogo chini ya taa kabla ya kupanda ili matone yadondoke pale, na maungio yote yawe ndani ya viunganishi vya jeli. Utepe mweusi wa fundi ni wa ndani ya nyumba. Taa mbili zilizokuwa zimezikwa ardhini kumulika birika tumezitoa moja kwa moja. Kitu kilichozikwa hapa kitakuwa kisima kila masika. Viunganishi na midomo mipya: 210,000.

Skrubu nazo. Taa za alumini zilikuja na skrubu zinazosemwa hazishiki kutu. Hewa ya chumvi ikazila, na pale chuma kinapogusana na alumini, alumini ndiyo inayoliwa ikawa unga mweupe. Zipo aina mbili za chuma hicho sokoni: ya namba 304, na ya 316 ambayo ndiyo ya pwani. Uliza namba. Weka na vioshi vya plastiki katikati visigusane. Taa tatu hazikuokoka. Pamoja na skrubu mpya, 190,000.

Tatu, mjusi. Aliingia kwenye boksi la umeme kutafuta joto, akakaa juu ya vituo viwili vya waya, na bustani ikazimika siku ya Ijumaa usiku. Tulipofungua tulikuta na sisimizi wameshaanza mtaa wao. Matundu yote sasa yamezibwa, na tundu la kupumulia limewekewa wavu.

Juni 2025: zawadi inarudi, na betri

Taa nne za jua. Mbili zilikuwa chini ya kivuli cha miti mchana, kwa hiyo ziliwaka hadi saa tatu usiku zikafa. Mbili nyingine ziliwaka, kwa rangi ya 6500, na kuharibu kila kitu tulichokijenga: mtu akitoka chini yake haoni mita tano mbele. Wati 200 za kwenye boksi ni hadithi. Paneli ya ukubwa ule haiwezi kukusanya umeme wa kuendesha mzigo wa namna hiyo usiku kucha, hata jua la Zanzibar liwe na huruma kiasi gani. Masika yakamaliza betri.

Sheha alikwenda kwa mfadhili mwenyewe, na mzee mmoja wa mtaa kwa heshima. Hawakwenda kushitaki. Walimwomba aje usiku, atembee, kisha aseme yeye. Alikuja. Akasimama kwenye kona ya birika, taa zake zikiwashwa na kuzimwa, na mwisho akasema ziondolewe. Kuziondoa na kuziba mashimo: 120,000. Laiti tungemwita kwenye mianzi ya Desemba, fedha yake ingenunua waya.

Umeme wa akiba hata hivyo unahitajika, na hapa Unguja hatuhitaji kuelezwa. Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa bara, na kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Aliyekuwapo anakumbuka jenereta na visima. Waya mpya wa chini ya bahari uliwekwa mwaka 2013 na hali si ile tena, lakini kukatika kwa saa chache kupo, na giza la ghafla ni baya kuliko giza lililozoeleka.

Kwa kuwa mzigo wetu wote ni wati 72, akiba haikuwa ghali. Betri mbili za volti 12, ampea-saa 100, zimefungwa kwa mfululizo kupata 24: wati-saa 2,400. Ukitumia nusu tu ili zisife mapema, bustani inawaka saa kumi na sita hivi. 800,000 zote mbili. Hapo faida ya kupunguza mwanga inaonekana kwa macho. Ule mpango wa mkutano wa kwanza, taa sita za wati 100, ungemaliza akiba hiyo kwa saa mbili, na ungekula kama yuniti 216 kwa mwezi. Sasa tunatumia kama 20, na wenye duka na nyumba ya wageni wanapokezana kulipa.

Agosti 2025: hesabu, na chaki tena

Mbali na zilizotajwa: taa kumi za chini za wati 3, 450,000, taa sita za wati 7 za njia, ngazi na ubao wa keram, 660,000, kigeuzi kinachoshusha umeme hadi volti 24, 180,000. Ukijumlisha vyote ni shilingi 6,150,000, ujira wa umeme haumo kwa sababu nilijitolea pamoja na vijana wawili wanaojifunza. Kati ya hizo, 1,080,000 ni za vitu vilivyowekwa kisha vikatolewa, karibu nusu yake ni nguzo za zile taa za jua. Michango ya mtaa ndiyo iliyobeba mabaraza. Daftari liko kwa Sheha, lipo wazi.

Vipuri: weka taa mbili, kigeuzi kimoja na viunganishi kwenye kabati la msikiti tangu siku ya kwanza. Mtaa unaosubiri kipuri kutoka Dar hukata tamaa kabla hakijafika. Na ufunguo wa boksi uwe kwa watu wawili wanaokaa karibu, asiwe fundi peke yake.

Tulirudia matembezi ya chaki, kundi lilelile na wengine wapya. Kona ya birika haikupata alama. Ngazi mbili za skuli, alama chache, na wasichana wamesema ni kwa sababu ya mbwa, jambo ambalo si la fundi. Chini ya mwarobaini, hakuna.

Lakini zimetokea alama mahali ambapo Novemba hapakuwa na hata moja: mdomo wa uchochoro unaotoka bustanini kwenda majumbani. Zamani kote kulikuwa giza moja na jicho lilikuwa limezoea. Sasa mtu anatoka kwenye mwanga na kuingia ghafla kwenye kiza, na kwa hatua kumi za kwanza haoni chochote. Taa zetu zimeuhamisha woga zikautoa nje ya geti.

Tumejaribu kupunguza taa ya mwisho ya njia kabla ya geti kwa kuifunika nusu, ili mwanga ushuke polepole, na imesaidia kiasi. Kinachotakiwa ni taa moja dhaifu, dhaifu kuliko zote za bustani, hatua chache ndani ya uchochoro, na nyingine dhaifu zaidi baada yake. Waya wa njia una nafasi ya kubeba wati 6 zaidi. Mwenye nyumba ya kwanza amekubali ukuta wake utumike, kwa sharti kwamba waya upite kwenye viungo vya chokaa na mlango wake wa nakshi usimulikwe. Wa nyumba ya pili yuko Muscat. Mwanawe amempelekea picha na tunasubiri jibu. Mianzi na ndoo za mchanga zimeshasimamishwa uchochoroni tangu juzi, na karatasi za kibali zimeandaliwa.

Birika bado halina maji. Mafundi bomba wawili wamelitazama na kila mmoja amesema lake. Nitaliandikia hatua yake likianza kuguswa.